Mwenye Pingamizi Afike Zurich

Mwamapalala,
S.L.P. Bariadi.
4 Mei 1996

Mwanangu Nyamizi,

Mwangaluka, ng'wanone. Hata kama unaisoma usiku, ipokee salamu hii kama ya asubuhi, maana asubuhi ndiyo niliyoiandikia. Sisi huku hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Hofu yetu ni kwako uliye kwenye baridi. Usiniandikie tena kwamba unakula vizuri. Niandikie umekula nini.

Nina neno moja, na ni zito. Unalikumbuka lambo letu. Marehemu baba yako na wenzake walilichimba kwa majembe kabla hujazaliwa, na sisi wanawake tukauhamisha udongo kwa karai, vichwani, mpaka nywele za utosini zikatuishia. Sasa lambo hilo limepata mwenyewe. Kampuni moja ya Uswisi, inaitwa Veltrona, imepewa eneo lote la malisho ili ifuge ng'ombe wa nyama ya kupeleka nje, na lambo limo ndani ya eneo hilo. Uzio ukikamilika, mifugo ya vijiji vitatu itabaki na mto Simiyu. Nawe unajua Simiyu wa Septemba ni mchanga unaochimbwa kwa mikono. Ng'ombe watakufa, Nyamizi. Siongezi chumvi.

Bwana mmoja wa wilayani alikuja kutusomea mkataba kwenye dagashida. Aliitisha mkutano huo wa wananchi wote kwa haraka, na akasoma kwa haraka vilevile, kama mtu anayekimbia mvua. Wanawake tulikaa nyuma, kama kawaida. Alipofika kifungu kimoja nikapaza sauti:

"Rudia hapo."

"Mama, hapo ni mambo ya utaratibu tu."

"Huo utaratibu ndio ninaoutaka."

Akarudia, amekunja uso: *Mwenye pingamizi afike mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya wakurugenzi wa kampuni, mjini Zurich, tarehe 20 Septemba 1996. Asiyefika atahesabiwa ameridhia.*

Mzee Sayi, mwenyekiti wetu wa dagashida, akauliza Zurich iko upande gani wa Maswa. Watu wakacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa kidole na mlango. Lakini yule bwana naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniinua. Nilipita katikati ya wanaume nikasimama mbele.

"Andika," nikamwambia. "Andika kwamba Mwamapalala itafika. Tuna mtoto huko huko Ulaya."

Laiti ungeuona uso wake! Kesho yake nilikwenda Bariadi dukani kwa Muksini, ambaye ana ramani ya dunia ukutani. Akaweka kidole: Manchester yako hii hapa, Zurich hii hapa. Kati yake ni ukucha mmoja, tena wa kidole kidogo. Nilirudi na habari hiyo, na kijiji kizima kililala kimetulia.

Basi nenda, mwanangu. Uwaambie kwamba lambo lile lina wenyewe, na kwamba wenyewe hawajaridhia.

Mimi mama yako mpenzi,
Mayu

*

Manchester,
27 Mei 1996

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Mimi ni mzima wa afya. Jana nilikula viazi na maharage ya kopo. Leo nitakula maharage ya kopo na viazi. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba wote walioulizia habari zangu wako salama.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa sababu nilipofika kwenye kicheko cha yule bwana sikuweza kuendelea kukaa. Hebu tukitazame kifungu chenyewe. Mtu anachukua maji mlangoni pako, kisha anakwambia: ukitaka kulalamika, njoo nyumbani kwangu, ng'ambo ya jangwa na bahari, na usipofika, kimya chako ni sahihi yako. Mayu, hicho si kifungu cha sheria. Huo ni mtego uliovaa tai. Tunaambiwa milango ya uchumi imefunguliwa. Nami nauliza, kama nilivyouliza pale Mlimani mpaka wakanisimamisha masomo: imefunguliwa ili nani aingie, na nani atoke?

Nitakwenda. Liwe neno la kwanza, ili mengine nitakayoyasema yasikutie shaka.

Sasa, kuhusu ukucha wa Bwana Muksini. Nampa heshima zake, lakini ukucha ule una kilometa kama elfu moja ndani yake. Ni karibu sawasawa na kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam, safari ile niliyoanza juu ya magunia ya pamba hadi Shinyanga, nikaendelea kwa treni, nikashuka Dar nikiwa na vumbi hata katika meno. Kwa ndege, kutoka uwanja wa Manchester hadi uwanja wa Zurich ni saa moja na dakika hamsini. Unapanda, wanakugawia chai, unakunywa, wanakunyang'anya kikombe, umefika. Umbali mmoja, mayu: kwako ni siku tatu, kwao ni kikombe cha chai. Na bado watakwambia sisi ndio wazembe wa kufika mikutanoni!

Lakini tatizo langu si kilometa. Ulaya si nyumba moja yenye vyumba vingi, kama tunavyodhani tukiwa nyumbani. Pasi yangu imegongwa mhuri wa Uingereza tu. Ili niingie Uswisi ninahitaji kibali kingine, kinachoitwa viza, na nimeambiwa mwenye kuomba viza awe na barua ya mwaliko kutoka kwa yule anayekwenda kumwona. Yaani kutoka kwa Veltrona yenyewe.

Nimewaandikia leo. Nimewaambia waniite, kwa kuwa mkataba wao wenyewe unanitaka nifike. Tungoje jibu lao.

Waambie Mzee Sayi na wote kwamba Zurich haiko upande wowote wa Maswa, ila safari hii itabidi ijue Maswa iko upande gani wake.

Mwanao katika mapambano na katika mapenzi,
Nyamizi

*

Mwamapalala,
6 Julai 1996

Ng'wanone Nyamizi,

Salamu nyingi. Goti halijambo, mvua zimekwisha. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa subira, maana unaandika kama mtu aliyepanda juu ya meza. Nilifundisha kisomo cha watu wazima miaka minane, lakini sentensi zako nyingine ilibidi nizishushe mzigo kwanza ndipo ziingie mlangoni.

Niliisoma mbele ya dagashida. Ile habari ya mwaliko ilibidi niirudie.

"Ngoja," akasema Mzee Sayi. "Mwizi amekuibia mbuzi. Unataka kwenda kwake kumdai. Ili upite njiani, mwizi ndiye akupe ruhusa?"

"Ndivyo."

"Na asipoitoa?"

"Utahesabiwa umemzawadia mbuzi."

Hapo hawakucheka. Na kuna waliogeuka kunitazama mimi. Bundala, ambaye hajawahi kunisamehe kwa kupita mbele ya wanaume, akauliza kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko tusi: "Mama Nyamizi, ulituambia ni ukucha mmoja. Mbona ukucha wenyewe haukatiki? Au binti ameshakuwa Mzungu, anaona haya kutusemea?" Nilimjibu kwamba binti yangu alikuwa anagombana na wakubwa wakati yeye Bundala anawavulia kofia hata wanapopita kwenye gari. Lakini ujue hali ilivyo. Neno nililolitoa siku ile nililitoa kwa jina lako, na sasa watu wamelilalia kichwa.

Uzio umeanza. Kampuni imemleta meneja, kijana anaitwa Joakim, mtu wa kuja, Mswahili mwenzetu, mpole, ana pikipiki na hema jeupe kando ya lambo. Vibarua wake kawatoa mbali. Nguzo zimeshafika kwenye ule mti wa miiba tulipokuwa tunaanikia nguo.

Dagashida imemtenga. Wewe ulikuwa mdogo walipomtenga yule mwizi wa ng'ombe, labda hukumbuki. Aliyetengwa hapigwi wala hatukanwi. Hapewi moto, hauziwi maziwa, hasalimiwi, na akisalimia haitikiwi. Akifa mtoto wake anazika mwenyewe. Sasa Joakim anaishi hatua mia mbili kutoka kwenye nyumba zetu, na yuko mbali kuliko wewe. Mpishi wake, binti wa hapa hapa, aliacha chungu jikoni kikichemka akaenda zake.

Juzi alinifuata nyumbani. Nilikuwa napepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

Nikapepeta.

"Mama, mimi ni mwajiriwa tu. Nina watoto wawili Kahama."

Nikapepeta.

"Basi hata nitukane, mama. Vibarua wananiita bosi tu, wiki ya tatu hii sijasikia mtu akiniita jina."

Nyamizi, ile marahaba ilinikaa kooni kama mfupa wa sato. Amelelewa vizuri, alisalimia akiwa ameinama. Aligeuka akaenda, na mtama wangu wote ulikuwa umemwagika chini bila mimi kujua.

Niambie jibu la hao wakurugenzi. Na usisikilize maneno ya Bundala, ila yajue.

Mayu wako

*

Manchester,
2 Agosti 1996

Mayu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo. Mwili wangu hauna neno. Moyo wangu una maneno mengi mno, na nitajitahidi kushuka kwenye meza.

Veltrona wamejibu. Barua ina mistari mitatu. Wanasema mialiko ya kikao cha tarehe 20 hutolewa kwa wenye hisa pekee, mimi si mwenye hisa, na wananitakia mafanikio katika masomo yangu.

Niliichukua barua hiyo hadi kwenye ofisi ya viza. Dirishani kulikuwa na bibi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Akaniuliza:

"Nani amekualika?"

"Hakuna. Naenda kupinga."

"Kumpinga nani?"

"Hawa," nikamwonyesha barua.

Akaisoma, akanirudishia. "Basi hawa wakuandikie nyingine."

"Bibi, umewahi kumwona mtu aliyealikwa na anayemwibia?"

Akafikiri kwa dhati, mayu, sikuamini. "Katika dirisha hili," akasema, "sijawahi." Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mshauri wangu wa masomo naye kaniita ofisini. Kasikia kwamba nimekusudia kwenda uwanja wa ndege bila viza. Akanionya kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli: nikileta vurugu nikashikwa, ufadhili wangu utakatwa na nitarudishwa nyumbani kabla ya shahada. "Fikiria maisha yako," akaniambia. Nikamjibu kwamba ninayafikiria, na kwamba yalinyweshwa kwenye lambo hilo kwa miaka kumi na minane. Nilimwambia: elimu inayonidai niwasahau walionipeleka shule si ufadhili, ni fidia. Akafunga jalada langu. Ni mtu mwema, sikupenda kumjibu hivyo.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kila Jumamosi nafua mashuka ya hoteli moja, na kwa kazi hiyo nimenunua tiketi. Tarehe 20 Septemba, asubuhi, nitasimama mbele ya meza ya ndege ya Zurich na pasi yangu mkononi. Watanizuia. Wanizuie! Lakini wanizuie mbele ya watu, wakiwa wamenitazama usoni, na waandike kwa mkono wao kwamba Mwamapalala ilifika mlangoni ikazuiwa. Asije akasema mtu yeyote, hata huyo Bundala, kwamba tuliridhia.

Kuhusu Joakim, sina la kukushauri. Huku nakaa kwenye jengo la watu mia tatu na nimewahi kumaliza wiki bila mtu kuniita jina. Hakuna aliyenitenga, ndivyo wanavyoishi. Najua kidogo mfupa huo ulivyo.

Mwanao asiyekubali,
Nyamizi

*

Mwamapalala,
24 Agosti 1996

Ng'wanone,

Salamu baadaye, basi la Mwanza linaondoka alfajiri na Muksini ameahidi kuikabidhi barua hii kwa mtu anayepanda ndege.

Niliisomea dagashida jibu la Veltrona. Kisha nikasimama tena. Safari hii hakuna aliyeniuliza kwa nini nimepita mbele. Nikasema: "Jamani, sisi tumekazana kutafuta njia ya kwenda kwao. Kwani maji yako wapi?"

"Yako hapa," wakajibu.

"Na anayeyataka ni nani?"

"Ni wao."

"Basi mwenye shida ndiye anayefunga safari. Ndiyo desturi yetu. Anayetaka mke anakwenda kwa wakwe, wakwe hawamfuati."

Hapo pakalipuka. Mzee Sayi alipiga fimbo chini mara tatu ndipo wakasikilizana. Uamuzi wa dagashida ni huu, nakuandikia kama ulivyotamkwa:

*Anayedai maji ya lambo la Mwamapalala afike mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya wananchi, lamboni, tarehe 20 Septemba 1996, tangu ng'ombe wanapotoka hadi wanaporudi. Asiyefika atahesabiwa ameridhia kwamba maji si yake. Hahitaji viza. Hahitaji mwaliko mwingine zaidi ya huu. Chakula atapewa.*

Hilo la chakula aliliongeza Bundala. Alisema hata mgeni mbaya asitusengenye kwa njaa. Tulishangaa wote, na yeye akajifanya anatafuta ugoro wake.

Uwafikishie. Hujui utafanyaje, nami sijui, lakini wewe ndiye uliye karibu.

Uzio umebakiza pengo la kupita ng'ombe wawili wawili. Joakim haongezi nguzo, anasema anangoja waya. Waya nimeuona mwenyewe, umejaa nyuma ya hema.

Mayu

*

Uwanja wa Ndege, Manchester,
20 Septemba 1996

Mayu wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa bado hapa, kwenye kiti cha plastiki.

Barua yako ilinifikia siku sita zilizopita. Nimeitafsiri kwa Kiingereza, na rafiki yangu Mjerumani akaitia katika lugha yao. Niliituma kwa faksi kwenye ofisi ya Veltrona, na mashine ikanitolea karatasi kwamba imepokewa. Lakini faksi hutupwa. Kwa hiyo nilichapa nakala mia moja na themanini, ambazo ni viti vya ndege moja.

Asubuhi nilijipanga mstarini kama abiria yeyote. Dada wa mezani akafungua pasi yangu, akaifunua mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Sioni viza ya Uswisi."

"Haipo."

"Basi siwezi kukupandisha."

"Najua. Naomba uniandikie hivyo hivyo, na uweke saini."

Akamwita mkubwa wake, kijana mwenye redio kiunoni. Kijana akaniomba nisogee pembeni. Nikamwambia nitasogea nikishaandikiwa. Mstari nyuma yangu ulikuwa mrefu, na watu walianza kunung'unika, na hapo, mayu, nikageuka. Nikawaambia wale abiria hotuba yangu yote, ile niliyoiandaa kwa ajili ya wakurugenzi. Niliwaambia lambo lilivyochimbwa. Niliwaambia kwamba wao watakunywa chai, watafika kabla ya chakula cha mchana, na hakuna atakayewauliza nani kawaalika. Na kwamba mimi, ninayeitwa kwa jina la kijiji changu na mkataba uliosainiwa, siwezi kuvuka meza hii yenye upana wa mkono. Nikasema: "Hamkuuweka nyinyi umbali huu. Lakini mnapita juu yake bila kuuona. Leo uoneni."

Mmoja akaniambia nirudi kwetu. Nikamjibu kwamba kwetu ndiko ninakokugombea, ili nikirudi pawepo. Wengine walitazama saa zao. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, mnene, na sanduku la fidla, akanyoosha mkono: "Nipe moja." Baada yake mwanamke mwenye watoto. Kisha mwingine. Askari wawili walikuja wakanishika mikono kwa adabu, na walipokuwa wananiondoa bado watu walikuwa wanazichomoa karatasi kwapani mwangu. Hesabu sijui. Najua kwamba mkononi hazikubaki hata kumi.

Walinihoji kwa muda mrefu, wakaniachia. Watakiandikia chuo. Ufadhili wangu, sijui. Dada wa mezani alinifuata mpaka mlangoni akaniletea kipande cha karatasi: *Amezuiwa kusafiri, hana viza, 20.9.96*, na saini yake. Hakuwa amelazimishwa.

Nilisimama dirishani nikaiona ndege ikipanda. Kwa saa moja na dakika hamsini sikuondoka pale. Nilitaka niwe nimesimama muda wote ambao neno letu lilikuwa hewani. Muda ulipotimia nikakaa, nikaanza kulia, na sasa nimemaliza, naandika.

Huko kwenu ni alasiri. Ng'ombe wanakaribia kurudi. Sijui kama kuna aliyefika. Niambie, mayu. Niambie upesi.

Mwanao,
Nyamizi

*

Mwamapalala,
26 Septemba 1996

Ng'wanone Nyamizi,

Mwadila, mwanangu, safari hii salamu ni ya jioni. Sijapata habari yako na sijui tarehe 20 ilikukuta wapi. Nakuandikia bila kungoja, maana kesho sitakuwa na nafasi.

Siku ile tulitoka na ng'ombe. Vijiji vyote vitatu vilikuja, na wanawake hatukukaa nyuma. Tulimchinjia mgeni kondoo, kama Bundala alivyotaka, na chungu kikawekwa motoni. Jua likapanda. Gari lolote lililotifua vumbi barabarani lilitusimamisha, lakini yote yalipita kwenda Lagangabilili. Ndege moja ilipita juu sana, nyeupe kama uzi, na watoto wakaipungia, wakiipigia kelele ishuke. Haikushuka.

Joakim alikuwa ndani ya uzio, amekaa juu ya boksi la misumari, kwapani ana mfuko wenye karatasi za kampuni na mhuri. Tulijua wote kwamba huyu anaweza kuisemea. Neno moja tu kutoka kwake, kwamba mimi niko hapa badala yao, na uamuzi wetu ungevunjika kwa kifungu chetu wenyewe.

Ng'ombe walipoanza kugeuza vichwa kurudi, Mzee Sayi alisimama ukingoni akaita, sauti ikivuka maji:

"Veltrona! Umefika?"

Tukageuka kutazama barabara.

"Veltrona! Umefika?"

Nikamwona Joakim anasimama. Akaufungua ule mfuko, akaufunga. Mtoto mgongoni kwa mtu akaanza kulia, akanyamazishwa kwa kiganja.

"Veltrona! Mara ya tatu na ya mwisho. Umefika?"

"Mimi naitwa Joakim," akasema.

Hakuongeza. Sauti ilimtoka imekauka kama ya mtu aliyeamka kwenye homa. Akaja taratibu mpaka kwenye lile pengo, akatoka nje ya uzio, akakaa chini mchangani miongoni mwa watu. Mzee Sayi alitamka kwamba mdai hakufika na maji si yake. Halafu hakuna aliyejua la kufanya na yule kijana. Ni Bundala, Nyamizi, Bundala yule yule, aliyemkatia paja la kondoo akamwambia, "Kula, Joakim." Alikula huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyemcheka.

Nguzo tulizing'oa wanawake. Tuliojaza lile tuta la lambo kwa vichwa vyetu ndio tuliolizungukia tukizing'oa, moja moja, tukazipanga kando bila kuvunja hata moja, na waya tukauvingirisha vizuri, ili wasiseme ni wizi. Joakim aliondoka usiku ule ule na pikipiki yake kwenda Kahama. Mhuri wa kampuni aliuacha juu ya boksi la misumari. Hatukuugusa.

Jumatatu walikuja askari wakaandika majina tisa. Langu ndilo la kwanza. Kesho tunatakiwa Bariadi kwa kesi ya kuharibu mali, na yule bwana wa wilayani amesema mbele yangu kwamba Veltrona wataleta wakili kwa ndege. Huenda wakashinda. Wana karatasi nyingi kuliko sisi, na wana hakika kwamba tutachoka kwanza. Labda nitafungwa. Nimeshamwachia jirani kuku wangu na ufunguo.

Kama ulifika Zurich, nashukuru. Kama ulizuiwa, usijilaumu na usiniombe msamaha, maana nakujua utaanza kuandika hivyo. Watu hapa hawaulizi tena kama ulifika. Wanauliza unarudi lini.

Wewe usirudi bado. Imalize hiyo shahada hata kwa kufua mashuka ya Manchester nzima. Wakikukatia ufadhili, kaa hapo hapo mlangoni mwao usome ukiwa umesimama. Tutahitaji mtu wa kusoma karatasi zao kwa lugha yao, na tutamhitaji kwa miaka mingi.

Askari wameandika watu tisa. Wanaojiandaa kutembea hadi Bariadi usiku huu ni wengi mno, hata Mzee Sayi ameacha kuwahesabu. Nawasikia nje wanagawana viazi vya njiani. Bundala anagombana na mtu juu ya nani atangulie mbele, na nimesikia akisema kwamba mbele atatangulia Mama Nyamizi.

Wananiita. Ng'ombe wamekunywa leo asubuhi, wote.

Wabeja, asante, mwanangu. Kaa imara.

Mayu wako